Namna ya kuwashirikisha wananchi kwenye maamuzi ya maji kabla mambo hayajapitishwa

Maswali ni yale yale kila wiki. Nianzie wapi, watu wakija wachache inakuwaje, fundi anasema wananchi hawajui mambo ya presha na pampu sasa wataamua nini, alafu kuna lile la wenye haraka: si tutume tu ujumbe kwenye grupu la WhatsApp, wasipojibu tuhesabu wamekubali? Hapana, hawajakubali, wengine hata bando hawana. Nimeamua niyaandike yote sehemu moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa.

Huu ni mwongozo wako kama uko kwenye kamati ya maji, au ni afisa unayesimamia mradi, au kiongozi wa mtaa, au mwananchi tu uliyechoka kuambiwa "hilo lilishapitishwa". Nadharia sina nyingi. Jambo moja tu ulishike: watu wanaitwa wakati uamuzi bado mbichi. Ukiwaita mabomba yameshanunuliwa, hapo unawapa taarifa, na kutoa taarifa siyo vibaya ila usiite ushirikishwaji. Mkataba wa Aarhus wa 1998, ule wa nchi za Ulaya kuhusu mazingira, umeliandika hili wazi kabisa, kwamba umma ushiriki mapema wakati njia zote bado ziko wazi. Ukiweza kubadilisha kitu kimoja tu kwenye utaratibu wenu, badilisha tarehe ya kuwaita watu.

Kabla hujaanza, hakikisha una hivi

- Uamuzi mmoja unaoweza kuutaja kwa sentensi moja. "Kuboresha huduma ya maji" siyo uamuzi. "Bomba jipya lijengwe wapi", huo ni uamuzi.
- Jina la mtu au chombo chenye sahihi ya mwisho. Ni kamati? Ni mamlaka ya maji? Ni chombo cha bonde la mto? Usipojua hili utakusanya maoni mazuri alafu utayapeleka ofisi isiyohusika.
- Sheria ya kwenu. Nchi nyingi siku hizi sheria yake ya maji inawataja wananchi au watumiaji: Afrika Kusini ni ya 1998, Kenya ya 2016, Tanzania ya 2019 kwa huduma ya maji na usafi wa mazingira. Huhitaji kuisoma yote, tafuta kile kifungu kinachosema vyombo vya watumiaji vinaundwaje na vinaripoti kwa nani, kipige picha kikae kwenye simu.
- Hesabu za mapato na matumizi, hata kama zinatia aibu. Hasa kama zinatia aibu.
- Ramani, hata ya kuchora kwa mkono: chanzo, tangi, laini, mabomba, na nyumba ambazo hazijafikiwa.
- Ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Mtu wa kuandika muhtasari ambaye SIYO mwenyekiti.
- Muda. Wiki sita mpaka nane kwa jambo la mtaa mmoja ni wastani mzuri. Ukiona nyingi, sheria ya maji ya Umoja wa Ulaya ya 2000 inataka watu wapewe angalau miezi sita kutoa maoni kwa maandishi kwenye rasimu za mipango ya mabonde ya mito.

Hatua ya 1: Andika kilicho wazi na kilichofungwa

Chukua karatasi, gawa sehemu tatu. Ya kwanza, mambo ambayo wananchi wataamua wenyewe. Ya pili, mambo ambayo watashauri tu na mwingine ataamua. Ya tatu, mambo ambayo hayajadiliwi, na kwanini hayajadiliwi.

Watu wanaogopa hiyo ya tatu, wanadhani wananchi watakasirika. Kinachowakasirisha ni kuambiwa "semeni chochote" alafu nusu ya walichosema kinatupwa. Mfano mzuri ni dawa ya maji. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya bomba yakimfikia mtumiaji yawe bado na klorini huru (dawa iliyobaki ikiwa na nguvu) angalau miligramu 0.2 kwa lita, na bakteria aina ya E. coli, wale wa kwenye kinyesi, wasionekane kabisa kwenye mililita 100. Hilo halipigiwi kura. Lakini kama watu wanalalamika maji yananuka dawa, unasikiliza, maana inawezekana kabisa kuna mtu anamwaga dawa kwa kukadiria na jicho, au dawa inawekwa karibu mno na nyumba za mwanzo. Kwa hiyo "tuweke dawa au tusiweke" imefungwa, "tunaiwekaje na nani anapima" iko wazi. Umeona tofauti?

Hatua ya 2: Orodhesha watu kwa maji yao, siyo kwa vyeo vyao

Kosa namba moja la wanaoanza: wanaandika orodha ya viongozi wanadhani wamemaliza jamii. Anza upya, jiulize nani anapata maji vipi. Kuna waliounganishiwa nyumbani, kuna wanaochota bomba la mtaa, kuna wanaonunua kwa mchuuzi, kuna wapangaji ambao bili iko kwa mwenye nyumba, wafugaji, wakulima wa umwagiliaji, walio juu ya chanzo na walio chini kabisa ambako maji yakifika yamebaki matone. Alafu shule, zahanati, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kama lile jukwaa la bomba analifikia.

Wachuuzi usiwaache nje kwa sababu eti ni wapinzani wa mradi. Wao ndo wanajua bomba lipi linakauka saa ngapi kuliko mtu yeyote ofisini, na usipowaweka ndani watakupiga vita wakiwa nje.

Na wanawake. Mkutano wa kimataifa wa Dublin wa 1992 ulishatamka kwamba wanawake wana nafasi ya katikati kwenye kupatikana, kusimamiwa na kulindwa kwa maji, na bado mpaka leo unakuta kamati yenye watu tisa, mwanamke mmoja, naye ni mtunza daftari. Kwenye orodha yako andika kabisa wangapi na nani, usiandike "makundi maalum yatazingatiwa". Hiyo sentensi haijawahi kuleta mtu yeyote kwenye mkutano.

Hatua ya 3: Tembeeni na maji

Kabla ya mkutano wowote chukua watu sita mpaka wanane kutoka ile orodha, fundi akiwemo, mtembee kutoka kwenye chanzo mpaka bomba la mwisho. Kwa miguu. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu inachosha na haina posho, lakini ndo hatua inayofanya fundi na mwananchi waanze kuongea lugha moja.

Kila bomba mnalofika, wekeni ndoo ya lita 20, fungueni koki mpaka mwisho, hesabuni sekunde. Mwandishi anaandika: jina la bomba, saa, sekunde, watu waliopo foleni. Basi. Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde 160, hiyo ni lita saba na nusu kwa dakika. Sasa fanyeni hesabu hapo hapo. Viwango vya Sphere, ambavyo hutumika kwenye dharura kama kambi za wakimbizi, vinasema lita 15 kwa mtu kwa siku ni kima cha chini, na koki moja yenye kasi hiyo isihudumie zaidi ya watu 250. Watu 250 mara lita 15 ni lita 3,750, gawa kwa saba na nusu, unapata dakika 500, yaani saa nane na dakika 20 za koki kuwa wazi bila kupumzika. Kama kwenu maji yanatoka saa nne tu kwa siku na bomba lina watu 250, tayari mko chini ya kiwango cha kambi ya dharura, na hapo hujahesabu mbuzi wala kufua.

Namba hiyo moja mliyoipima wenyewe inafanya kazi kubwa kuliko ripoti ya kurasa 60. Fundi hawezi kusema mnatia chumvi, alikuwepo, ameshika simu yenye sekunde.

Angalizo: msipime siku moja tu. Rudini asubuhi na jioni, na kama mnaweza kipindi cha kiangazi pia. Bomba linalotiririka vizuri mchana wa mvua linaweza kuwa kavu alfajiri ya kiangazi.

Hatua ya 4: Tengeneza ukurasa mmoja wa taarifa

Ukurasa mmoja, siyo mitatu. Uwe na: tatizo kwa namba mlizopima, njia mbili au tatu za kulitatua, kila njia inagharimu nini, nani anafaidika na NANI ANAUMIA. Hiyo ya mwisho ndo inayofichwa siku zote. Kila uamuzi wa maji kuna mtu foleni yake inaongezeka au bei yake inapanda. Ukiificha, atajitambua mwenyewe katikati ya mkutano na atasimama akiwa amevimba.

Hesabu za pesa ziweke kwa mia. Badala ya majedwali andika: kwenye kila 100 inayokusanywa, umeme wa pampu unakula 45, posho na mishahara 25, matengenezo 20, dawa ya maji 5, akiba 5 (hizi ni za mfano tu, weka za kwenu). Mtu asiyewahi kuona bajeti maishani anaelewa mara moja, anauliza swali sahihi: mbona akiba ni 5 na pampu ikiungua tunachanga? Umeshapata mjadala.

Bandika ukurasa huo bombani, sokoni, zahanati, kwenye nyumba za ibada, na ndio, kwenye grupu pia, siku 14 kabla ya mkutano. Kwa wasiosoma, tafuta mtu awasomee bombani wakati wa foleni, maana foleni ni kikao ambacho tayari kimekaa.

Hatua ya 5: Vikao vidogo kwanza

Usiende moja kwa moja kwenye mkutano mkubwa. Kaa na watu wa bomba moja moja, wanawake peke yao, vijana peke yao, wapangaji peke yao, dakika 45 zinatosha. Kuna mambo mama hawezi kuyasema mbele ya mwenyekiti ambaye ni shemeji yake, mfano kwamba mlinzi wa bomba anauza zamu, na kwenye kikao kidogo yatatoka ndani ya dakika kumi.

Muda chagueni kwa kuwauliza wao. Ukiweka kikao saa ambayo watu wako foleni ya maji, utapata wale wenye maji nyumbani peke yao, alafu utaandika kwenye ripoti kwamba wananchi wameridhika na huduma.

Kila kikao kitoke na mambo matatu ya kupeleka mbele na mtu mmoja wa kuyasemea.

Hatua ya 6: Mkutano mkuu

Ajenda tatu, zisizidi. Fundi dakika kumi, mwenye hesabu dakika kumi, wale waliotembea na maji wasome namba zao, alafu wasemaji wa vikao vidogo. Wageni rasmi waongee MWISHO. Hii nasisitiza kwa sababu mgeni akianza akasema "mimi naona tujenge pale shuleni", nani tena atasimama kusema pale shuleni hapafai?

Kupiga kura kwa kunyoosha mikono kunaleta matatizo, watu wanaangaliana. Njia rahisi ni mbegu au kokoto: kila njia ina ndoo yake yenye mfuniko uliotobolewa na picha ubavuni, ndoo zikae nyuma ya pazia au ndani ya chumba, kila mtu anapewa kokoto moja mlangoni anaingia peke yake. Mnahesabu mbele ya wote, kwa sauti. Kokoto zikizidi idadi ya walioingia mnarudia, hakuna kubembelezana.

Angalizo kubwa hapa. Kura siyo dawa ya kila kitu. Kama walio wengi wanakaa karibu na tangi, kila mara watashinda na wale wa mwisho wa laini watakosa kila mara. Kabla ya kura kubalianeni kiwango cha chini ambacho hakuna kura inayoweza kukigusa, mfano kila bomba lipate angalau saa kadhaa za maji kila siku. Maji salama ya kunywa yalitambuliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuwa haki ya binadamu tarehe 28 Julai 2010, na haki ya mtu haipokonywi kwa sababu majirani zake ni wengi.

Uamuzi ukishapatikana, mwandishi ausome kwa sauti kabla watu hawajaondoka: tumeamua nini, nani anafanya, mpaka lini. Wakisema "siyo hivyo tulivyosema", rekebisheni hapo hapo.

Hatua ya 7: Rudisha majibu

Hapa ndipo ushirikishwaji mwingi unafia. Watu walikuja, walisema, walipigwa picha, wakaondoka, kimya. Mkutano wa pili hawaji na wewe unalalamika wananchi hawana mwamko.

Ndani ya siku 14 bandika karatasi yenye safu tatu: mlisema nini, kimefanyika nini, kama hakijafanyika ni kwanini. Hiyo safu ya tatu usiandike "linafanyiwa kazi". Andika "mamlaka imekataa kwa sababu eneo liko ndani ya hifadhi ya barabara". Watu wanapokea hapana yenye sababu kuliko ndio isiyofika.

Hatua ya 8: Malalamiko na adhabu

Wekeni siku na saa ya malalamiko isiyobadilika. Hispania, kwenye mji wa Valencia, kuna baraza la maji la wakulima wa umwagiliaji ambalo hukaa kila Alhamisi saa sita mchana nje ya mlango wa kanisa kuu. Waamuzi ni wakulima waliochaguliwa na wenzao, kesi zinasikilizwa kwa mdomo na hukumu inatoka hapo hapo. Ni la karne nyingi na bado lipo, UNESCO ililiweka kwenye orodha yake ya urithi 2009. Nyinyi hamhitaji kanisa kuu, mnahitaji tu mahali panapojulikana na saa inayojulikana, siyo "mpigie katibu" ambaye hapokei.

Adhabu zianze ndogo zipande. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, 2009, alichunguza kwa miaka mingi jamii zinazosimamia maji, misitu na malisho yao wenyewe, na mojawapo ya alichokiona kwenye zilizodumu ni hicho: kosa la kwanza dogo, linalorudiwa zito, na watumiaji wenyewe wana sauti kwenye kutunga hizo kanuni. Ukianza na kumkatia mtu maji mwezi mzima kwa kosa la kwanza, utapata maadui na mabomba yaliyokatwa usiku.

Ikikwama

*Watu hawaji.* Angalia kwanza kama mkutano uliopita ulirudisha majibu. Kama hukurudisha, usiitishe mpya, bandika majibu kwanza, ya zamani hivyo hivyo. Pia angalia saa na mahali. Posho ya kuhudhuria usiianzishe, ukiianza hutaweza kuiacha.

*Mtu mmoja anaongea mkutano mzima.* Mpe kazi. Mfanye mshika saa, dakika mbili kwa kila msemaji, akiwemo yeye.

*Mwanasiasa ameugeuza kuwa kampeni.* Ajenda iliyobandikwa siku 14 kabla ndo ngao yako. "Mheshimiwa, hili halimo kwenye ajenda, tuliandike kwa kikao kijacho." Sema kwa heshima, kila mara, kwa kila chama.

*Fundi au afisa anasema wananchi hawaelewi mambo ya kitaalamu.* Kumbusha Flint, Marekani. Aprili 2014 mji ulibadilisha chanzo cha maji, wakazi wakaanza kulalamika rangi na harufu, wakaambiwa maji ni salama. Mwaka 2015 wakazi wenyewe walichota sampuli zaidi ya 250 majumbani mwao wakishirikiana na watafiti wa chuo cha Virginia Tech, madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaonekana kwenye maji, na Oktoba mwaka huo mji ukarudi kwenye chanzo cha zamani. Hawakuwa wahandisi, walikuwa na chupa na utaratibu wa kuchota.

*Kamati imechaguliwa na sasa imekuwa mali ya watu wanne.* Muda wa kukaa madarakani uandikwe tangu mwanzo, na wasitoke wote siku moja, nusu watoke mwaka huu nusu mwakani ili kumbukumbu isipotee. Hesabu zibandikwe kila mwezi, zikikosa miezi miwili mfululizo wanachama wana haki ya kuitisha mkutano bila ruhusa ya mwenyekiti. Hicho kifungu kiwekeni kwenye katiba yenu mapema wakati wote bado mnapendana.

*Walio juu ya chanzo hawataki hata kukaa.* Usiwaite kwenu, wafuate. Peleka namba za ndoo, sikiliza za kwao, maana mara nyingi nao kuna kitu wanakidai na hawajawahi kujibiwa. Mkikwama kabisa, ndipo chombo cha bonde kinapohusika, na hapo ile picha ya kifungu cha sheria uliyoiweka kwenye simu itoe.

*Mamlaka imepokea uamuzi wenu imenyamaza.* Peleka nakala yenye muhtasari, mahudhurio na namba mlizopima, waombe wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Omba jibu kwa tarehe. Tarehe ikipita peleka ngazi inayofuata ukiambatanisha ile nakala yenye muhuri, na kwenye ile karatasi ya safu tatu pale bombani andika tarehe uliyopeleka, ofisi uliyopeleka, na siku ngapi zimepita. Ibadilishe kila Jumatatu.